Namba ya siri ya bibi yajulikana na duka zima

Na Mwandishi Wetu, Paje

Bi mkubwa anafungua pindo la kanga, anatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mna simu. Ni simu ndogo ya vitufe. Nyuma yake imebandikwa karatasi kwa selotepu, na juu ya karatasi imeandikwa namba yake mwenyewe, kwa kuwa haikumbuki. Anaipitisha juu ya kaunta kwa kijana wa wakala, hapa karibu na mzunguko wa Paje. Kabla hajaulizwa, anataja namba yake ya siri, tarakimu zote nne, kwa sauti ya mtu anayesema na jirani wa ng'ambo ya uwa.

Dukani tumo watu kadhaa: dereva wa bodaboda anayesubiri vocha, mpishi wa hoteli aliyekuja kutoa pesa, watoto waliotumwa sukari. Sote tumeisikia.

Kijana anabonyeza, anasoma, anasema mtoto ametuma. Anahesabu noti. Bi mkubwa anazipokea na kuzihesabu upya, moja moja, bila haraka na bila kukosea. Anauliza kama kimebaki kitu ndani ya simu. Anaambiwa kimebaki kidogo. Kidogo kiasi gani, haulizi; anaifunga simu katika kitambaa na kushika njia.

Nilipomuuliza kijana kama anaruhusiwa kuzijua namba za siri za wateja, alisema anafahamu kuwa haifai. Lakini akikataa, bibi atarudi nyumbani mikono mitupu, na wateja wa dukani kwake anawajua wote tangu utotoni. Wengine ni bibi zake.

Hivi ndivyo wazee wengi wa kijiji hiki cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja wanavyoishi na simu zao. Wapo wanaodhani hili ni jambo la kuchekea barazani. Mimi naona ni jambo la haki, kwa sababu siku hizi ndani ya kile kifaa mna pesa za mzee, umeme wake, habari za misiba ya watu wake na sauti za watoto wake.

> Simu inakaa kwa mzee, lakini inaendeshwa na wengine.

Vidole vilivyofunga mwani

Paje na jirani yake Jambiani ndiko kilimo cha biashara cha mwani kilikoanzia Zanzibar, mwaka 1989. Wanawake walioshuka pwani miaka ile, wengi wao wakiwa na watoto wadogo mgongoni, ndio bibi wa leo. Maji yakitoka walikwenda na mambo (vigingi), kamba na taitai (nyuzi za kufungia), wakainama kwa saa nyingi wakifunga kishina kimoja kimoja, maji ya chumvi yakiwafika magotini na jua likiwa utosini. Wengine wanaendelea mpaka leo. Pesa za mwani ndizo zilizojenga vyumba vingi vya mawe mnavyoviona mkipita, na ndizo zilizonunua madaftari ya hao watoto ambao sasa wana simu za bei kubwa.

Kazi ile imeacha alama. Ngozi ya viganja imekakamaa. Ncha za vidole zimechanika, zikapona, zikachanika tena, hadi michirizi ya kuzaliwa nayo ikafifia.

Sasa mama huyo mletee simu janja. Kioo cha simu hiyo hakipimi nguvu ya kidole. Kinahisi chaji ndogo ya umeme inayopita katika ngozi. Ngozi ikiwa kavu na ngumu, kioo hakimtambui. Anagusa, kimya. Anagusa tena kwa nguvu na kukigandamiza kidole, na simu inadhani anataka jambo jingine: picha za vitufe zinaanza kutikisika, kinatokea kisanduku kinachouliza kama afute. Hakuna aliyemwambia kuwa kugusa kwa muda mrefu na kugusa kwa muda mfupi ni amri mbili tofauti. Anaisukuma simu kwa mjukuu, "Hebu shika, mie nishaiharibu." Simu haijaharibika. Mjukuu anaguna, anabonyeza mara mbili tatu kwa kasi ambayo hata mimi sikuifuata, anairudisha, na bibi hajajifunza kitu isipokuwa kuogopa.

Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyotakiwa pale usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019. Mwisho wa kwanza uliwekwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Pale ambapo mashine haikusoma kidole cha mzee, au kitambulisho chake hakijatoka, wapo waliochukua njia ya mkato na kusajili laini kwa jina la mtoto, la mkwe, au la jirani mwenye moyo mwema.

Njia hiyo ya mkato ina gharama ambayo familia nyingi hazijaiona bado. Mwenye laini ni yule aliyesajiliwa. Siku simu ikianguka kisimani, au namba ya siri ikifungwa kwa kukosewa mara nyingi, anayetakiwa kufika na kitambulisho ni huyo mwenye jina. Huenda yuko Dar es Salaam. Huenda yuko Maskati. Huenda amefariki, na pesa za mama zimebaki katika akaunti ya marehemu.

Walisoma, tena sana

Vijana wengi hulimaliza jambo hili kwa maneno mepesi: wazazi wetu hawakusoma. Kwa wazee wa pwani hii maneno hayo si ya kweli.

Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa kesha kuwa mtu mzima, na kama ni msichana wa shamba yawezekana alikuwa ameolewa. Lakini chuo cha Kurani alikwenda. Amehitimu msahafu, anasoma herufi za Kiarabu bila kukwama, na kwa herufi hizo hizo wazee wake waliandika barua na mashairi ya Kiswahili kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kushika. Mtu wa namna hiyo ukimwita mjinga unamvunjia heshima, na unapoteza njia ya kumfundisha.

Tatizo ni kuwa simu inamsemesha kwa herufi nyingine, na kwa Kiswahili chake yenyewe. "Thibitisha." "Ingiza namba ya kumbukumbu." "Ombi lako linashughulikiwa." Mzee anayekitumia Kiswahili fasaha kuliko mimi na wewe anaganda mbele ya maneno haya, kwa sababu hajapata kuyasikia yakisemwa na mtu.

Halafu kuna haraka. Menyu za pesa kwa simu, zile zinazoanza na *150, hazimngoji mtu. Ukikaa nazo kidogo bila kujibu zinajifunga. Bibi aliyekuwa akitafuta miwani, au akisogeza simu karibu na mlango apate mwanga, anakuta kazi yote imerudi mwanzo. Ukizungumza na wazee, hili ndilo wanalolilalamikia kuliko vitufe vidogo: simu inawafukuza kabla hawajamaliza kusoma.

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, iliuzwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Nyumbani ni nani kama si baba na mama walioko kijijini? Mzee alikuwa mlengwa wa huduma hii tangu siku ya kwanza. Lakini menyu ilitengenezwa kwa macho, vidole na kasi ya kijana anayetuma, na mpaka leo, pamoja na mabadiliko mengi, haijatengenezwa upya kwa ajili ya yule anayepokea.

> Mzee alikuwa mlengwa wa pesa kwa simu tangu siku ya kwanza, lakini menyu ilitengenezwa kwa vidole vya anayetuma.

Msiba unapita bila wewe

Unguja si mgeni wa mawasiliano ya mbali. Waya wa simu za maandishi uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika hapa mwaka 1879, na jumba la kampuni ile ya waya bado lipo Shangani, Mji Mkongwe, likiwa sasa sehemu ya hoteli. Lakini kwa mtu wa shamba, chombo kilichojali maisha yake kilikuwa redio. Wazee wote wa kisiwa hiki wanayajua matangazo ya vifo. Jina la marehemu, la baba yake, mahali alipokuwa akikaa, watoto wake na walipo, saa ya maziko. Nyumba nzima ilinyamaza. Asiyejua kusoma alisikia, asiye na redio alisikia kwa jirani.

Matangazo hayo bado yapo, lakini tanzia siku hizi hutangulia kufika katika makundi ya WhatsApp. Na mazishi yetu hayasubiri: mtu akifa alfajiri, adhuhuri au alasiri anasaliwa na kuzikwa. Mzee wa Paje ambaye ndugu yake amefariki Nungwi au Mkokotoni, na habari imetumwa katika kundi ambalo yeye hamo, au yumo lakini simu iko kwa mjukuu aliyekwenda kucheza mpira, anapata habari usiku watu wakiwa wamekwisha kurudi. Kuna kaka mtu aliyekosa kulishika jeneza la nduguye kwa sababu hii. Hilo halilipiki.

Kwa upande mwingine, simu hiyo hiyo imewapa wazee kitu ambacho hakuna chombo kilichowapa kabla yake, nacho ni ujumbe wa sauti. Hapa hapahitajiki herufi za aina yoyote. Unashikilia alama ya kinasa sauti, unasema, unaachia. Nimewaona bibi wasioweza kutafuta jina katika simu wakituma ujumbe wa sauti wenye salamu za watu wote wa mtaa, mmoja mmoja, na dua ndefu mwishoni. Wamejifunza kwa siku chache, kwa sababu kilichokuwa upande wa pili kilikuwa sauti ya mtoto.

Hata hapo kuna vikwazo. Watoto wengi wako Oman na Imarati, ambako kupiga simu kwa WhatsApp kumefungwa. Ujumbe unafika, ila simu ya sauti au ya picha haiendi. Basi watoto hutumia programu nyingine, kama vile Imo na Botim, na mama aliyekwisha kuzoea kitufe kimoja cha kijani anatakiwa aanze upya na kingine, bila maelezo ya kwa nini kile cha kwanza kimeacha kufanya kazi. Wengine wameishi miezi wakidhani mtoto amewasusa.

Pesa za mzee, mikono ya wengine

Zanzibar ilifanya jambo kubwa Aprili 2016. Ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa, mvuvi au mkulima wa mwani. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye yakapandishwa hadi 50,000. Kwa bibi ambaye maisha yake yote pesa zilipitia kwanza mkononi mwa mume au mtoto, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na pesa zenye jina lake.

Huduma za umma nazo zinazidi kuhamia katika simu. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambayo inafanya kazi hadi Unguja na Pemba, imekuwa ikiwalipa baadhi ya walengwa kwa simu na benki. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, unanunuliwa kwa simu, na anayenunua analetewa tarakimu 20 za kuingiza katika mita. Serikali ina hoja nzito. Malipo ya kielektroniki yanaacha kumbukumbu, yanapunguza walipwaji hewa, yanamwondolea mzee safari na foleni ya juani. Sipingi hata moja kati ya hizo.

Ila pesa inapopita kwa simu ambayo mzee hawezi kuifungua, imerudi kule kule mikononi mwa wengine.

Mjukuu anayejua namba ya siri huanza kwa kumsaidia bibi. Siku moja anajikopesha kwa ajili ya bando. Bibi hana habari, kwa sababu meseji ya muamala imefika katika simu na mjukuu ndiye msomaji wa meseji. Siku nyingine kiasi kinaongezeka. Bibi akihisi, anafanyaje? Atakwenda kwa sheha kumshitaki mtoto wa mwanawe? Atakwenda polisi? Sisi watu wa visiwani tumefundishwa kusitiri, na sitara ni jambo jema, lakini hapa sitara inamlinda mwizi. Zanzibar ina Sheria ya Masuala ya Wazee ya mwaka 2020. Sheria haiwezi kumsaidia mtu anayeona aibu kusema ameibiwa na nani.

> Bibi akihisi pesa zinapungua, atakwenda kwa sheha kumshitaki mtoto wa mwanawe?

Matapeli wa mbali nao wanaujua udhaifu huo huo. Meseji zao tumezizoea: ile hela itume kwa namba hii, nimekosea kukutumia, nirudishie, mwanao amepata ajali, daktari anataka pesa sasa hivi. Kijana anafuta na kuendelea na shughuli. Mama ambaye mwanawe kweli yuko safarini, na ambaye hawezi kuangalia salio kujua kama pesa imeingia au haikuingia, moyo unamwenda mbio na anamtuma mtu dukani akatume pesa.

Nani abebe mzigo

Wakala ninamuelewa. Analipwa kamisheni ndogo kwa kila muamala, foleni iko nje, na kila dakika anayotumia kumfundisha mzee ni dakika ya hasara. Kampuni za simu husema namba ya siri ni jukumu la mteja, na katika karatasi wana haki. Lakini haki hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama menyu zao zingempa mteja muda wa kusoma, na kama kungekuwa na njia ya mzee kusikia salio lake likisomwa kwa sauti ya binadamu, kwa Kiswahili cha kawaida.

Watoto ndio ninaowalaumu zaidi, nami ni mmoja wao. Tunanunua simu kubwa Darajani au tunaileta kutoka Dubai, tunaiwasha, tunaweka picha ya familia, tunampa mama mbele ya watu, kisha tunapanda gari. Muda wa kukaa naye hatuna. Tukirudi tunakuta simu iko kabatini, na yeye anaendelea na simu yake ya kitochi yenye redio na chaji ya wiki nzima, nasi tunasema mama hataki mambo ya kisasa.

Kwamba mzee hawezi kujifunza, kisiwa hiki hiki kina ushahidi wa kinyume. Kibokwa, kaskazini ya Unguja, kipo chuo cha Barefoot College kinachowafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Taasisi hiyo ilianzia Tilonia, India, na kabla ya chuo cha Kibokwa kuwepo, wanawake wa Kizanzibari walikuwa wakipelekwa huko huko kusoma. Wengi hawakupita skuli zaidi ya madarasa machache, na wapo wenye wajukuu. Wanajifunza kwa rangi, kwa alama, kwa kurudia kazi kwa mikono yao hadi mikono ikumbuke. Wanatoka wakiwa wanaunganisha mitambo na kuitengeneza ikiharibika. Mwanamke anayeweza kulehemu vipande vya saketi ya taa anaweza kuangalia salio lake.

Tofauti ni moja. Kibokwa mwalimu anangoja, na mwanafunzi ndiye anayeshika chombo. Nyumbani kwetu mjukuu ndiye anayeshika simu, na bibi anatazama.

Tuanze wiki hii

Ndugu msomaji, kama mzazi wako yuko hai, nenda ukakae naye mchana mmoja, na simu iwe mkononi mwake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ongeza ukubwa wa maandishi. Weka picha ya kila mtoto kwenye jina lake. Ondoa programu asizozitumia. Mfundishe jambo moja tu, kama ni kupokea simu ya picha basi iwe hilo, na umwache arudie mpaka akuchoshe. Wewe ulimchosha zaidi ulipokuwa ukifundishwa kutembea.

Piga *106# kuangalia ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ya mama imo, fuatilieni isajiliwe kwa jina lake. Kisha badilisheni namba ya siri, yeye akiibonyeza na wewe ukigeuza uso.

Kwa wizara inayoshughulikia wazee na kwa kampuni za simu, ombi ni jepesi. Kabla ya kuhamishia malipo mengine katika simu, lipeni watu wa kukaa na wazee katika kila shehia, katika vyumba vya skuli ambavyo jioni vinakuwa vitupu. Vijana waliomaliza kidato cha nne na hawana kazi wapo wengi Paje, na wanaijua simu kama wanavyoijua bahari. Na mzee anayetaka kulipwa pesa taslimu mkononi aendelee kulipwa hivyo, bila kuulizwa sababu.

Wakati tunasubiri hayo, mwambieni kila mzee mambo mawili. Kampuni ya simu ikimpigia, hupiga kwa namba 100 peke yake. Anayepiga kwa namba nyingine akidai ni mhudumu akatiwe simu. Na namba ya tapeli inatumwa kwa meseji kwenda 15040, bila malipo.